Jana Nilikuwa Mwandoya

Mimi ni bwana shamba hapa Bariadi. Jana nilitakiwa kukagua wadudu wa pamba Mwandoya. Nikabaki nyumbani nikicheza mpira kwenye kompyuta ya ofisi, mchezo usiofunguka bila mtandao, halafu nikamdanganya bosi kwamba ripoti imekwama kwa sababu Mwandoya mtandao hakuna.

Leo kikaoni bosi akawaeleza wakulima hivyo hivyo, kompyuta ile ikiwa kwenye projekta. Kisha akaiunganisha na mtandao wa simu yake. Mjinga mimi, mchezo sikuufunga. Mchezo ukafunguka, na ujumbe wa rafiki niliyecheza naye ukajaa ukutani: “Jana ulinifunga mchana kutwa. Leo vipi?”

Mama mmoja wa Mwandoya akaniuliza taratibu, “Mwanangu, kwetu mtandao uliupatia wapi?”