Kalunde Anapomsikilizia Mumewe Chungu

Jua la asubuhi linaingia karakanani mjini Salama, na Mutunga anagonga chungu cheusi kwa kijiti, kisha anamtazama mkewe usoni. Yeye mwenyewe hasikii kitu. Nyundo za miaka mingi zimemnyang'anya masikio.

"Piga tena, Baba Muthoki!" Kalunde anapaza sauti. "Huyo si mtoto wa kubembeleza!"

Anapiga. Kalunde anainamisha kichwa, ametulia kama aliye katika sala.

Chungu hicho ni cha grafiti, madini yaleyale ya penseli, yaliyofinyangwa pamoja na udongo. Moto uyeyushao shaba haukiyeyushi, na joto hukipenya upesi. Lakini kikiiva kwa moto, hewa hukila polepole. Nao unyevu hukipasua. Kizima hulia kwa sauti nyororo. Chenye ufa hutoa mlio mfu.

Juma lililopita paa lilivuja, kikalowa. Tangu hapo wamekikausha taratibu kando ya majivu ya moto, kwani leo walikusudia kuyeyushia humo shaba na kumimina kengele ya shule ya Kanyangi, anakofundisha binti yao Muthoki. Huko wanafunzi bado huitwa kwa kugonga rimu ya lori.

"Kimekufa," Kalunde anasema, akitikisa kichwa ili mumewe aone.

Mutunga habishi. Anakunja suruali na kunionyesha mimi, mgeni wao, kovu la mguuni linalong'aa tangu kifundoni hadi vidoleni. Mwaka 1981, masikio yakiwa tayari yamedhoofu, Kalunde alikwenda matangani. Mutunga aliona aibu kumngoja mwanamke, akawasha moto. Chungu kikapasuka, shaba ya moto ikammwagikia mguuni. Miezi minne hakukanyaga chini.

"Watu hapa wananicheka, ati mama ndiye fundi," anasema. "Nawaambia ndiyo. Hata huu mguu mwingine uliosalia mzima ni wake."

"Na unanuka moshi!" Kalunde anamjibu. Mutunga anausoma mdomo wake, anacheka.

Chungu kipya kitameza mapato yao ya miezi mitatu. Hersi, dereva wa lori, ameahidi kukileta kutoka Mombasa kabla ya muhula mpya.

Je, atajuaje kwamba kengele imelia vyema? Kalunde anamfikishia swali langu kwa kelele. Mutunga anaweka kiganja juu ya kile chungu kilichopasuka.

"Siku ya kuitundika, Mama Muthoki atasikia. Mimi nitaweka mkono hivi."

"Itakutetemesha mpaka meno!"

"Wacha initetemeshe," anasema. "Sitautoa mkono mpaka mtoto wa mwisho aingie darasani."