Sauti Nne za Kwaya

Pale chuoni walimwita Kwaya, na jina hilo alilitolea jasho. Mhadhiri wa takwimu, mama mmoja mfupi mwenye miwani, hakuamini karatasi za kusaini. Aliita majina kwa mdomo, tena mwisho wa kipindi, wajanja wakiwa wameshachoropoka, na mtoro hakuruhusiwa kukanyaga chumba cha mtihani. Kwaya naye alikuwa hodari wa kuigiza sauti. Rafiki zake watatu wakapatana naye: wao wampikie, yeye awaitikie. Mmoja alimwitikia kwa sauti nzito, wa pili kwa nyembamba, wa tatu kwa ya mtu mwenye mafua.

Usimsifu bure. Mwenyewe alikuwa mvivu wa kutupwa. Mwaka uliopita alifeli somo hilohilo kwa utoro, na akifeli tena anafungashiwa virago. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alishamwambia, "Ukirudi mikono mitupu, mwanangu, ovaroli ya saizi yako ninayo." Kila akiyakumbuka maneno hayo, aliinuka akaenda darasani.

Sasa mtu aliyekaa kusubiri kuitikia, afanye nini? Simu zilipigwa marufuku. Kwaya akaanza kusikiliza kwa kukosa kazi, kisha akaanza kuuliza maswali. Siku moja alinogewa, akajisahau, akauliza kwa ile sauti nzito ya rafiki yake. Darasa zima likavunjika mbavu. Mhadhiri akajibu swali, akafuta ubao, akaendelea.

Matokeo yakabandikwa. Kwaya amefaulu, tena vizuri. Wale watatu wameangukia pua.

"Tumefelije, na mahudhurio yetu kamili?" mmoja alifoka, amekasirika kwelikweli.

Kwaya hakumsikia. Alikuwa anampigia baba yake simu palepale koridoni. "Baba, hiyo ovaroli mpe mtu mwingine!"

Hajakata simu vizuri, mhadhiri akamwita ofisini. Furaha yote ikamyeyuka. Akaona bora aseme mwenyewe.

"Mwalimu, nisamehe. Wale watatu nilikuwa nawaitikia mimi."

"Najua. Tangu wiki ya kwanza. Kwani mimi kiziwi?"

"Mbona hukunikamata?"

Mama yule akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa kitambaa chake.

"Ningekukamata, ungerudi darasani kwangu?"

Kwaya alifikiri, akainama kwa shukrani.

"Nisingerudi, Mwalimu."