Kabati Lisilosikia

Watu wakiniuliza televisheni ya kwanza kufika Sumbawanga ilikuwa ya nani, nawajibu ilikuwa ya Kulsumu binti Zubery, na pazia lake nilishona mimi. Wanacheka. Wanadhani uzee umenipanda kichwani. Mimi ni Kristiana, fundi cherehani, mzaliwa wa Kasense, na wakati ninaousimulia nilikuwa na akili zangu zote na meno yangu yote.

Kulsumu alikuwa binti wa Mzee Zubery, mwenye duka na lori moja lililokuwa bovu muda mwingi kuliko lilivyokuwa zima. Tulisoma naye darasa moja mpaka la saba. Yeye ndiye aliyekuwa akimsahihisha mwalimu. Majina ya waliochaguliwa kuingia sekondari yalipokuja, mzee wake alitoka kuulizia, akarudi akasema jina la Kulsumu halimo. Langu pia halikuwamo, lakini hilo halikumshangaza mtu. Kulsumu alilia siku tatu, halafu akaamua kwamba kumbe hana akili, ana mdomo tu, na tangu hapo akautumia huo mdomo bila huruma. Aliolewa Namanyere na dereva mmoja, akarudi kwao baada ya miezi kumi na moja. Mume alisema amechoka kuulizwa maswali.

Mwaka wa sabini na sita yalitokea mambo mawili. Kwanza ilikuja amri ya kufunga maduka ya watu binafsi ili sote tukanunue kwenye duka la ushirika. Mzee Zubery akafunga lake, akabaki na kabati kubwa la mninga lenye vioo mbele na droo chini, na ndani hamna hata kiberiti. Mimi aliniacha niendelee kushonea barazani, maana cherehani yangu haikuwa duka. Pili, Kulsumu alikwenda Unguja kwenye harusi ya shangazi yake, akakaa mwezi mzima. Aliporudi, habari za harusi hakuzigusa kabisa.

"Kristiana, kule kuna sanduku," aliniambia. "Mtu anakaa ndani yake anaongea na sebule nzima, na hakuna wa kumkatiza. Umtukane, hasikii. Umwamkie shikamoo, haitikii. Anaendelea tu na maneno yake."

Nikamwambia mtu wa namna hiyo hata sisi tunaye, ni paroko.

Hakucheka. Wiki hiyohiyo aling'oa vioo vya kabati, akang'oa rafu, akaupasua mgongo wake kwa shoka, tukalisukuma mpaka barazani likatazama barabara. Juu ya droo alitandika mkeka, mahali pa kukaa watu wawili. Droo moja ilikuwa imefungwa na ufunguo alikuwa nao mzee, hatukuuliza kuna nini. Mimi nilishona pazia la vipande vilivyobaki kwenye sare za shule. Kazi yangu ilikuwa kulifungua saa tisa alasiri kila Jumamosi, na kulifunga jua likiacha kupiga ndani. Kulsumu alinipa cheo cha fundi mitambo.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu tisa, wanne wao wakiwa wamekuja kuchukua nguo zao kwangu. Kulsumu alikaa kwenye kabati na hereni zake za Unguja, akasoma habari. Akasema mvua imenyesha Chala lakini haikuwa na kibali. Akatoa tangazo la biashara: "Sukari nyeupe, tamu, inayoyeyuka haraka. Haipo." Kisha akaeleza sheria, moja tu. Aliyemo ndani ya televisheni hasikii. Walio nje waseme wanachotaka, wa ndani hana ruhusa ya kujibu, hata kwa jicho.

Wakati anaendelea, Mzee Zubery alitoka msikitini baada ya sala, akasimama mbele ya kabati. Alikuwa anangoja kuamkiwa, kama baba yeyote. Kulsumu alimwona. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika kamba ya pazia, niliona kabisa kwamba amemwona. Akaendelea kusoma habari za bei ya ulezi. Mzee alingoja muda wa kutosha kumwaibisha mtu yeyote, halafu akaingia ndani.

Jioni ile Kulsumu alimfuata na shikamoo yake kwa adabu zote. Mzee akauangalia ukuta. Alipomwamkia mara ya pili, mzee akaniambia mimi, "Mwambie mwenzako televisheni haisikii." Hakumsemesha tena kwa miezi kumi na minne. Chai ikipoa nyumba ile, niliambiwa mimi. Nilichoka na ile familia, na nasema hivyo nikiwa nawapenda.

Kipindi kikakua. Watu walitoka Kasense na vigoda vyao kichwani, wengine wakiwa bado na magunia ya maharage waliyoshindwa kuuza gulioni. Kulsumu akaanza kuleta wageni. Mgeni wa kwanza mkubwa alikuwa Ndugu Eustaki, meneja wa duka la ushirika, mwanamume mwenye mashavu yaliyoshiba. Alikuja amechana nywele, maana kukaa kwenye kabati lile kulimfanya mtu aonekane kama picha ya ofisini.

"Ndugu Meneja," Kulsumu alimuuliza kwa sauti laini, "sabuni zilifika Jumanne, na Jumatano zikawa zimekwisha. Kati ya Jumanne na Jumatano, nani alioga?"

Eustaki akafungua mdomo, lakini watu walikuwa wameshaanza. Mmoja aliuliza mbona shemeji wote wa meneja wananukia vizuri. Mama mmoja wa makamo alisema amefulia majivu mwezi mzima, watoto wake wanajikuna, na alilisema taratibu kuliko wote, na ndilo lililouma. Eustaki hakuruhusiwa kusikia. Alikaa pale anatabasamu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mzigo uliofuata wa sabuni uligawiwa kwa orodha, mchana, mlango wa mbele.

Waliokataa kuja, Kulsumu aliionesha nafasi yao tupu kwa nusu saa, na watu wakautukana mkeka. Baada ya wiki tatu hakuna aliyekataa. Alikaa mle mwalimu mkuu, akakaa mganga, akakaa mwanamume wa wake wawili ambaye wake zake walikuja wote na wakasimama pamoja kwa mara ya kwanza maishani mwao. Baadhi ya wazee walisema ni utovu wa adabu, mwanamke kukaa ndani ya kabati haamkii mtu. Walilisema hilo kila Jumamosi, kutoka mstari wa mbele.

Kilichomponza ni leseni za redio. Alikuja mkaguzi wa leseni hizo, Ndugu Anyitike, kijana wa Mbeya, mwembamba, mwenye faili linaloelekea kuwa na uzito kuliko yeye. Alimuuliza bibi mmoja kama ana redio. Bibi akajibu kwamba redio hana, yeye hutazama televisheni ya Kulsumu. Anyitike aliandika hivyohivyo, neno kwa neno, akapeleka juu. Majibu yalirudi baada ya wiki sita: kama ni televisheni, ikamatwe na mwenyewe aletwe ashtakiwe kwa kuiingiza nchini bila kibali. Kama si televisheni, mkaguzi aeleze kwa nini ameharibu karatasi ya serikali.

Basi ikaundwa kamati ya watu watatu: Anyitike, Eustaki, ambaye alijitolea kwa furaha nisiyoweza kuieleza, na karani mmoja wa kuandika. Shida ilijitokeza mapema. Katika kamati nzima, mtu pekee aliyewahi kuona televisheni alikuwa mshtakiwa. Ikabidi wamuulize yeye inatambulikaje.

"Haisikii," Kulsumu akawaambia, bila kufikiri.

Wakaandika. Jumamosi watalijaribu kabati mbele ya watu. Likijibu, ni kabati. Lisipojibu, ni televisheni, na Jumatatu yeye na mbao zake wanapakiwa kwenye gari.

Nilimshika mkono nikamwambia, "Dada, sema neno moja tu. Sema hata 'abee'. Mambo yaishe."

"Nikijibu mara moja, Kristiana, Jumamosi inayofuata Eustaki naye atajibu. Akishaanza kujibu, yule mama wa majivu atathubutu tena kusema?"

"Na ukifungwa?"

"Naogopa," alisema. "Lakini hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kukiweza. Shule ilinikataa, mume alinikataa. Nikakivunje kwa mkono wangu?"

Nilimkasirikia sana. Nilikwenda nyumbani nikawagombeza kuku.

Siku ilipofika barabara ilijaa mpaka kwenye mlango wa msikiti. Nilifungua pazia. Kulsumu alikuwa amekaa wima na hereni zake, anatazama mbele. Anyitike akapanda ngazi akasema, "Ndugu Kulsumu Zubery, unanisikia?" Kimya. Akarudia kwa Kiingereza, nadhani kwa ajili ya faili. Kimya. Kisha Eustaki akaomba nafasi. Miezi mingi alikuwa amekaa na maneno yale tumboni. Alimwita mwanamke aliyeachika, mwenye mdomo wa bomba, asiyejua kupika wala kunyamaza. Kulsumu alitabasamu kidogo, tabasamu lilelile ambalo Eustaki mwenyewe alilitoa mle ndani. Watu wakaanza kucheka, Eustaki akarudi nyuma.

Wazee wakamwamkia kwa makusudi, wazee wenye mvi, "shikamoo mama", ili aibu imtoe mle. Hakutikisika. Watu wakaanza kumsihi. Yule mama wa majivu alilia wazi, akamwambia, "Mwanangu, jibu tu." Karani alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza ya neno televisheni, niliiona.

Hapo Mzee Zubery akatokea ndani ya nyumba. Watu wakampisha. Alisimama palepale aliposimama Jumamosi ile ya kwanza.

"Kwa kuwa hasikii," alisema, "nitasema. Mwaka ule jina lako lilirudi."

"Barua ilikuja mkononi mwangu. Ulichaguliwa, wa kwanza kwa wasichana wa hapa mjini. Nikakudanganya. Niliogopa, Kulsumu. Ukiwa darasa la saba ulikuwa umeshanishinda kwa maneno, nikajiuliza huyu akisoma zaidi nitaishi naye vipi. Nikakuacha uamini kwamba huna akili. Nimekuona ukiamini hivyo miaka kumi."

Kamba ya pazia ilikuwa mkononi mwangu, na ningefunga kama ningekuwa na nguvu.

"Iko wapi?" Kulsumu alisema.

Ilikuwa sauti ndogo, lakini tuliisikia wote.

"Umeikalia," mzee akajibu, akatoa ufunguo mfukoni.

Anyitike akamwambia karani aandike kabati. Tulipaswa kushangilia. Hakuna aliyepiga hata kofi moja. Eustaki peke yake alipumua, nikajua kwamba kuanzia Jumamosi ijayo atakuwa na majibu ya kila kitu.

Wapo wanaosema mpaka leo kwamba mzee alifanya ujanja wa kiduka, kwamba aliiweka barua ile akiba mpaka siku itakapomfaa. Mimi nilimwona mikono. Ufunguo ulimchukua mara tatu kuingia kwenye tundu.

Kulsumu alisogeza miguu, droo ikafunguka, na chini ya karatasi ya kutandikia akaitoa. Aliisoma kwa sauti, akiwa bado ndani ya kabati, kwa sauti yake ya Jumamosi. Kwamba amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Kwamba aripoti tarehe tisa Januari, mwaka elfu moja mia tisa sitini na saba, akiwa na mashuka mawili, ndoo moja na jembe. Kwamba atakayechelewa nafasi yake atapewa mwingine. Alipofika hapo sauti ya Jumamosi ilimwishia.

Akavua hereni akanipa mimi. Akashuka, akasimama mbele ya baba yake, na barua ameikunja imekuwa ndogo kama kidole. Nilidhani atampiga nayo. Alimtazama muda mrefu, muda ule hasa ambao mzee alikuwa amengoja siku ile ya kwanza.

"Shikamoo," alisema, kwa ukavu, kama anamwamkia mpita njia.

Mzee Zubery aliitikia marahaba mara mbili. Ya pili nadhani ilikuwa ya ile Jumamosi ya kwanza.