Mtoto Amefanana na Nani?

Mtaani walimwita Fundi Barafu kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, na pia kwa sababu hakuwa mtu wa kupandisha hasira. Mteja angeweza kumfokea mbele za watu kwamba friji iliyotengenezwa jana leo inavuja tena, naye angejibu tu, "Haya, tuitazame," akachutama nyuma yake na bisibisi mdomoni. Mkewe, muuza vitambaa, alisema hicho ndicho kilichompendeza kwake: hata nyumba ikiwaka moto, huyu atauliza kwanza nani anataka chai.

Kwamba alikuwa mtoto wa kuasili halikuwa jambo la kufichwa. Mama yake, fundi cherehani mwenye kibanda cha kushonea karibu na hospitali, alimwambia kabla hata hajajua kufunga kamba za viatu. "Sikukuzaa mimi," alikuwa akisema huku akitunga uzi. "Mama yako aliugua, ukapelekwa kituo cha watoto. Nilipokuja kukuona ukanitapikia begani. Nikasema basi, huyu ni wangu." Mtoto alikuwa akiipenda sana hiyo sehemu ya kutapika, akitaka irudiwe. Alipokua, watu wakimuuliza kama hatamani kujua alikotoka, aliwacheka. "Nimetoka kwa mama. Kwani wewe umetoka wapi?"

Kisha binti yake akazaliwa.

Alikuwa na kidoti cheusi shavuni, na kabla hajapewa jina lolote lingine, Kidoti likamganda. Lakini kilichomshika baba yake macho ni sikio la kulia. Kwa juu lilikuwa limejikunja kwa ndani, kama ukingo wa karatasi iliyolaliwa. Yeye mwenyewe alikuwa na sikio hilo hilo. Shuleni walimtania mpaka wakachoka. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuliona kwa mtu mwingine, na sasa hili hapa, dogo, jekundu, la moto, limelala kwenye kiganja chake.

Wageni wakaja kumwona mtoto, na kama ilivyo kawaida ya wageni wa mtoto, wakamgawana. Mama mkwe akachukua paji la uso. Shangazi wa mkewe akadai vidole. Walipofika kwenye sikio wote wakamgeukia yeye.

"Hili ni la kwenu, Baba Kidoti," mama mkwe alisema kwa furaha, bila ubaya wowote. "Amemfuata nani hasa? Babu yake?"

Akalifunika lile sikio kwa kidole gumba. Mama yake, aliyekuwa ameketi pembeni, akainuka akaanza kukunja nguo za mtoto ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

Tangu siku hiyo yule mtu wa barafu hakuwa yeye tena. Alianza kurudi nyumbani katikati ya kazi, akidai amesahau koleo, ili tu amwangalie mtoto. Chakula akawa anakiacha sahanini. Usingizi ukamkimbia, na mkewe alipomuuliza alisema amelala vizuri, na macho yake mekundu kama pilipili. Alirudishia mashine za watu akasahau skrubu mezani. Alijiambia ni uchovu, kila mwenye mtoto mchanga huchoka, akajikaza kisabuni na kuendelea.

Siku aliyoshindwa kujikaza ilikuwa asubuhi, kwenye bucha. Mwenye bucha, mtu mnene wa maneno mengi, alimwita kutazama chumba cha baridi kilichogoma kugandisha. Fundi aliingia, akafungua kifuniko cha feni, na ghafla moyo ukaanza kumwenda mbio kama unataka kutoka. Mikono ikafa ganzi. Kifua kikambana, pumzi zikawa fupi, na wazo moja likamjia wazi kabisa: ninakufa, na mtoto wangu hatajua baba yake alikuwa nani, kwa sababu hata mimi sijui.

Mwenye bucha alimkokota hadi nje, akamkalisha juu ya kreti la soda, akaanza kumpepea kwa aproni yake yenye damu.

"Fundi, nakuomba, usinifie hapa! Watu watasema nimekuchinja!"

Kama si hofu, angecheka.

Zahanati walimpima moyo, wakampima damu, wakampima kila kitu. Daktari akamwambia moyo wake ni mzima.

"Kwa hiyo nilikuwa najifanya?" akauliza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sauti yake ilipanda.

"Hujifanyi hata kidogo. Ile ni hofu, na hofu ikizidi mwili hauwezi kuibeba kimya kimya. Tuna mshauri hapa. Nenda ukaongee naye."

"Mimi si kichaa, daktari."

"Angekuwa anatibu vichaa peke yao ningekuambia," daktari akajibu, akamwonyesha mlango wa pili.

Alienda shingo upande, na alienda kwa sababu mkewe alimshika mkono hadi mlangoni. Mshauri alikuwa dada mdogo kuliko alivyotarajia, kwenye chumba chenye viti viwili na feni ya mezani iliyokuwa ikilia kwii, kwii, kila ilipogeuka. Alimuuliza maswali, naye akajibu ndiyo na hapana. Mwishowe hakuvumilia.

"Dada, samahani. Hiyo feni inanikera. Nikaze hapo?"

"Kaza tu, kaka."

Akaichukua, akampa mgongo, akaanza kuifungua. Na akiwa amempa mgongo hivyo, vidole vikiwa na kazi, maneno yakatoka. Alisimulia sikio. Alisimulia mama mkwe na babu asiyejulikana. Akasema maisha yake yote alizoea kutofanana na mtu yeyote, wala halikumuuma, mpaka alipofanana na mtu.

"Sasa namwangalia mwanangu naona kuna watu nyuma yake," alisema. "Wamejipanga, siwaoni sura. Wana magonjwa gani? Walikufa na nini? Walinitaka au hawakunitaka? Na nikiuliza, si nitakuwa namtukana mama aliyenilea?"

"Umeshamuuliza kama atatukanika?"

Hakuwa amemuuliza. Feni ikapona siku hiyo. Yeye alihitaji kurudi mara nyingi zaidi. Walizungumza juu ya pumzi, juu ya usingizi, juu ya hofu inavyoanza mwilini na namna ya kuikaribisha ipite badala ya kupigana nayo. Mwenye bucha alipokuja kujua anakokwenda alimtania kidogo mbele ya wateja, halafu wateja walipoondoka akamuuliza kwa sauti ya chini huyo dada anapatikana siku gani.

Ilipofika jioni moja ya mwisho wa juma, alipiga moyo konde akaenda kwenye kibanda cha mama yake. Cherehani ilikuwa inakimbia. Akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Mama, nataka kumjua aliyenizaa."

Mguu wa mama ukasimama juu ya kanyagio.

"Nimekukosea nini, baba?"

"Hujanikosea kitu. Wewe ndiye mama yangu, hilo halina mjadala. Lakini naumwa, mama. Naumwa kwa kutojua."

Mama akaanza kuondoa pini moja moja kwenye kitambaa na kuzichomeka kifuani mwake, kwenye blauzi. Halafu akasema yote. Zamani zile alikuwa akishonea hospitali mashuka. Siku moja alipopeleka mzigo wodini alimwona binti aliyejifungua, aliyekuwa akilia na kuziba masikio, akisema anasikia sauti zikimwambia ampeleke mtoto mbali asije akamdhuru. Hakutaka kumshika mtoto, si kwa chuki, bali kwa woga wa kumuumiza. Ndugu zake wakamchukua, mtoto akapelekwa kituoni. Mama hakuweza kuisahau ile sura. Akamfuata mtoto.

"Nilikuambia aliugua. Sikukuambia ni ugonjwa gani. Nilijua watu walivyo, wangesema mtoto wa mwendawazimu."

"Yuko hai?"

Mama akavua miwani. "Yuko hai na ni mzima. Ulipokuwa shule ya msingi alikuja hapa. Alikuwa ametibiwa, amenenepa, amevaa vizuri. Hakuomba kukuona. Aliuliza kama unakula vizuri. Halafu akasema, akiuliza mwenyewe siku moja, mwambie. Asipouliza, muache na amani yake. Anauza miche upande wa pili wa mji." Akapangusa macho kwa kipande cha kitambaa. "Nikaomba usiulize. Mungu anisamehe, niliomba hivyo."

Alimkumbatia, pini zikamchoma, wakaachana wakiugulia na kucheka.

Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kikakauka. Kumbe sauti. Kumbe ndiko ninakoelekea. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Hakugusa chombo cha kazi, hakunyoa ndevu, na alikataa kumbeba Kidoti. Mkewe alimvumilia, kisha uvumilivu ukafika mwisho. Akamwekea mtoto mapajani kwa nguvu.

"Mshike. Unadhani ukimkwepa ndiyo unamlinda? Aliyekuzaa alikukwepa kwa sababu hakuwa na mtu wa kumsaidia. Wewe unaye. Unao wengi, na tumechoka kusimama mlangoni."

Akamshika. Mtoto akamkojolea.

Mshauri, aliposikia habari hizo, hakushtuka. Alimweleza kwamba ule ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na kwamba unatibika. Kuwa na mzazi aliyeugua akili hakumaanishi mtoto naye ataugua. Kunamaanisha tu ajiangalie, na asikae na mambo moyoni. "Na kujiangalia," akamwambia, "umeshaanza."

Walikwenda wote watatu kwenye kitalu cha miche, yeye, mkewe na mtoto. Mama hakutaka kwenda. Alisema ana gauni la bibi harusi, na wote walijua gauni hilo lilikuwa limeshachukuliwa. Walimkuta mwanamke mwembamba mwenye mabuti ya plastiki akijaza udongo kwenye vifuko. Fundi alikuwa amejiandalia maneno njia nzima. Alipofika mbele yake akasema, "Mnauza miche ya nini?"

Mwanamke akamwangalia. Akaangalia sikio. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, udongo bado mkononi.

"Umekula?" akamuuliza.

Hawakukimbiliana wala hawakuangusha machozi. Walikaa kwenye benchi chini ya neti ya kivuli, wakaongea kwa kusitasita kama watu wanaovuka barabara. Alimwambia jinsi alivyougua, na jinsi alivyopona polepole, na kwamba kwa muda mrefu alimeza dawa, na mpaka leo akianza kukosa usingizi hujipeleka mwenyewe hospitali bila kungoja kuambiwa. Alisema hayo bila aibu, kama mtu anayesema ana miguu inayovimba. Fundi alimsikiliza kwa mwili mzima. Hakuna kitu alichoambiwa na mtu yeyote kilichomtuliza kama sentensi ile ya kujipeleka mwenyewe.

"Na sikio?" mkewe akauliza.

Yule mama akasogeza kitambaa chake cha kichwani. Masikio yake yalikuwa yamenyooka kabisa. "Hilo," akamwambia Fundi, "ni la baba yako. Sikio hilo na maneno matamu, basi, ndivyo vyote alivyokuwa navyo. Alihama kabla hujazaliwa, sijui hata aliishia wapi." Mkewe alicheka mpaka mtoto akaamka.

"Nikuite nani?" Fundi akauliza walipokuwa wakiaga.

"Usiniite mama. Mama yako namjua, na ana kazi nzuri mkononi. Niite mama mdogo, kama halitamuudhi."

Lilimuudhi. Kwa wiki kadhaa fundi cherehani alilitamka neno "mama mdogo" kama mtu anayetoa mfupa wa samaki mdomoni. Fundi hakumlazimisha. Aliendelea kwenda kwa mshauri, akarudi kazini, akanyoa. Siku mbaya bado zilimjia, ila sasa alizijua zinavyobisha hodi, na alimwambia mkewe asubuhi: leo si nzuri. Mkewe naye alijua nini cha kufanya, mara nyingi hakuna, ila kukaa karibu.

Kisha mama mdogo akaalikwa nyumbani kwa Fundi, na safari hii mama hakupata gauni la kusingizia. Wanawake wale wawili walikaa kochi moja, Kidoti akitambaa miguuni pao, wakazungumzia mvua. Wakazungumzia bei ya mbolea na bei ya uzi. Mgeni alipoondoka, mama alibaki akikusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Atakuja tena?" akauliza.

"Sijui, mama. Unataka aje?"

Mama alipeleka vikombe jikoni, akarudi, akasimama mlangoni akijifuta mikono.

"Mwambie akija avae lile gauni lake la leo. Mkono wa kushoto umeshonwa ovyo, umevuta bega lote. Nitamfumulia nimshonee upya. Siwezi kukaa na mtu kochi moja amevaa vile."