Makandi na Golicha Ishirini na Saba

Makandi hana haraka, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wateja wapya humlaumu kwalo. Ukiingia kwenye saiba yake, pale nyuma ya soko la Isiolo, simu mkononi na roho juu, utamkuta amejifunga leso kiunoni mbele ya kompyuta, naye atakuuliza kwanza habari za nyumbani. Akimaliza ataihoji hiyo faili yako iliyokataa kufunguka. Huyu ametoka wapi? Amepitia kwa nani? Nani alimpa jina hili? Wapo waliotoka nje wakidhani amerukwa na akili.

Ustadi huo hakuupata darasani. Alishuka kutoka Maua, kule Meru, mwaka wa 2014, kaunti ikiwa bado changa, akiwa na printa moja ya mtumba na imani kwamba penye ofisi mpya hapakosi karatasi. Hapo alikuwa sawa kabisa. Alikosea kudhani kwamba akina mama wa Kiborana waliokuja kuandikiwa barua walikuwa wakimpotezea wakati. Waliuliza mvua, wakauliza mifugo, wakauliza njia aliyopita na watu aliowaacha nyumbani, na katikati ya maswali hayo shida yao ikajitokeza yenyewe, wazi, bila kuvutwa. Makandi wa siku hizo alikuwa mtu wa kubonyeza kila kitufe akiomba kimoja kikubali. Akaona kumbe anachoka bure. Tangu hapo kila faili inayomtesa huipokea kama mgeni aliyefika bomani.

Ijumaa moja ya mwaka wa 2019, watu wakitoka kwenye swala ya mchana, aliingia mzee mrefu mwenye kofia nyeupe.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mzee wangu. Nagaya?"

"Nagaya."

Wakaendelea hivyo kwa salamu za Kiborana, wakiulizana nyumba na mifugo bila kuruka hata mbuzi mmoja. Kiarie, mwenye duka la vipuri jirani, aliyekuwa akingoja nakala za kitambulisho chake, aliangalia saa mara mbili.

Mzee alijitaja: Golicha Dullo, wa Korbesa. Binti yake Kaltuma alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ndani ya barua ya chuo mlikuwa na fomu, na fomu hiyo ilitakiwa kurudi ikiwa imejazwa kabla ya saa kumi na moja jioni hiyo hiyo. Isiporudi, nafasi anapewa mwingine. Kaltuma mwenyewe alibaki Korbesa akimuuguza mama yake, aliyejifungua siku nne zilizopita, ndiyo sababu baba ndiye aliyeabiri gari.

"Barua wametuma nyingi," Golicha akasema, akimpa simu. "Ishirini na saba. Lakini hakuna hata moja inafunguka."

Makandi akatazama. Faili ya kwanza iliitwa Kaltuma.Golicha.Dullo. Ya pili, Kaltuma.Golicha (1).Dullo. Ya tatu, Kaltuma.Golicha (2).Dullo. Zikateremka hivyo hadi chini kabisa.

"Mtu wa gari alinisomea," mzee akasema kwa upole, lakini ilionekana jambo lilikuwa limemkera njia nzima. "Huyu Golicha wa ishirini na sita ni nani? Mimi niko mmoja."

Makandi alijiuma mdomo asicheke. Alimweleza kwamba barua ilikuwa moja tu. Kila alipoibonyeza linki aliyotumiwa, brauza ya simu ilishindwa kuionyesha, basi ikaishusha upya na kuipa namba ili zisigongane.

"Basi nimebonyeza sana," akasema Golicha.

"Kila mtu anabonyeza sana, mzee."

Naye mwenyewe akabonyeza, maana mazoea ni mabaya. Aliihamishia kwenye kompyuta, akaiburuta hadi kwenye brauza. Brauza, badala ya kuifungua, ikashusha nyingine. Akajaribu brauza ya pili, mambo yale yale. Akafuta kumbukumbu zote za brauza. Kiarie akashauri azime mashine aiwashe, akafanya hivyo pia, zaidi ili Kiarie anyamaze. Saa tisa ikafika, na Golicha akapata ndugu wengine wanne.

Hapo Makandi akaondoa mkono kwenye kipanya. Akavuta kiti karibu na mzee.

"Hii barua ilitoka kwa chuo, ikapitia wapi?"

"Kwa Gedi. Mtoto wa ndugu yangu. Ni karani wa shule."

Simu ikapigwa. Gedi alikuwa kijana wa adabu, na alikiri yote bila kusukumwa. Barua ilifika ikiwa na jina baya, alisema, manambari mengi na viherufi vitatu nyuma. Akaona si heshima. Akaipatia jina la mwenyewe, halafu akaituma kwa linki.

"Na hizi nukta katikati ya majina?"

"Tulifunzwa kompyuta haipendi nafasi, anti."

"Sawa. Ile ya kwanza bado uko nayo?"

"Nilifuta. Simu ilijaa."

Namba ya chuo ililia tu bila kushikwa. Faili pekee iliyobaki duniani ni hiyo iliyokuwa mbele yake, na mzee aliyeketi kando yake hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa ameshafika kwa fundi, basi. Imani ile ilimtisha Makandi kuliko saa ya ukutani.

Akasoma tena jina, polepole. Kaltuma. Golicha. Dullo. Kwa mtu yeyote wa Isiolo hapo hapana tatizo: binti, baba, babu. Lakini kompyuta haijui babu wa mtu. Yenyewe huangalia kinachofuata nukta ya mwisho ili ijue faili ni ya aina gani na nani wa kuifungua. Masaa yote hayo ilikuwa ikitafuta programu ya kufungua faili za aina ya Dullo, na programu hiyo hakuna aliyeitengeneza.

Bado ilibidi kujua aina yake ya kweli. Makandi akaifungua kwa nguvu katika ile programu ya maandishi matupu. Yakamwagika machafuko ya herufi, kama kuku amepita na miguu ya wino. Hata hivyo juu kabisa, mwanzo wa mstari wa kwanza, palikuwa na alama ya asilimia na herufi tatu: PDF.

"Umekiri," Makandi akaiambia.

Akarudi kwenye jina, akaongeza nukta na herufi zile. Golicha hakujua kusoma, lakini jina la baba yake alilifahamu kwa umbo lake, kutoka kwenye kitambulisho. Akainama kuelekea kioo.

"Umeweka nini nyuma ya baba yangu?"

"Pdf, mzee."

"Nyuma ya Dullo anakuja baba yake, Huka. Hii pdf ni nani?"

Kiarie akajifanya anakohoa. Makandi hakucheka safari hii, kwa sababu aliona mzee anauliza swali la haki.

"Si mtu, mzee. Ni chapa. Ngamia wako ana jina, lakini akifika kisimani nani anamuuliza jina? Watu wanaangalia chapa, wanajua ni wa ukoo gani, wanamnywesha."

Golicha akafikiri. Hakuwa mtu wa kukubali ovyo.

"Weka," akasema. "Lakini iwe ndogo."

Makandi akaiandika upya kwa herufi ndogo. Akabonyeza mara mbili, na barua ikajitandaza ndani ya brauza, nembo ya chuo juu na jina la Kaltuma chini yake. Mzee alitaka asomewe hilo jina. Akasomewa. Akataka tena. Akasomewa tena, na Kiarie, ambaye nakala zake zilikuwa tayari zamani, alivua kofia bila kujua kwa nini.

Fomu wakaijaza pamoja, na pa kutia sahihi mzazi mzee akaweka kidole. Ikabaki sehemu moja. Chuo kilitaka mtu wa kupigiwa simu saa yoyote, na uhusiano wake na mwanafunzi.

"Mimi nikienda na ngamia, simu ni jiwe tu," Golicha akasema. "Weka namba yako."

"Sawa. Niandike mimi ni nani wake? Rafiki wa familia?"

"Shangazi."

Vidole vya Makandi vikasimama. "Mzee, shangazi ni dada ya baba."

"Kiswahili najua," akasema Golicha. "Dullo alikuwa na wasichana wanne. Watano si wengi."

Miaka mitano mjini hapo, Makandi alikuwa mama wa saiba, na siku mbaya alikuwa yule Mmeru. Alisema anatafuta karatasi, akainama chini ya meza, akakaa huko kidogo zaidi ya inavyohitajika kupata karatasi. Halafu akaandika neno hilo, akaituma fomu saa kumi na dakika arobaini.

Kaltuma aliingia chuoni mwezi uliofuata. Muhula haujafika katikati, simu ya Makandi ikalia asubuhi, sauti ngeni ikisema mwanafunzi ameshikwa na homa kali na amelazwa, na kuuliza anayezungumza ni nani wake.

"Mimi ni shangazi yake," Makandi akasema, tayari akiwatoa wateja nje ili afunge mlango.