Kibonge na Bi Mkubwa Chini ya Balbu Moja

Fundi Vioo aliwaogopa wale nyoka tangu siku mkewe alipowaingiza ndani. Chatu wawili, kila mmoja kwenye ndoo yake, na mke kasimama mlangoni anacheka: "Mume wangu, tumepata watoto!" Mke alikuwa mfagiaji wa maabara ya shule. Maabara ilipofungwa walitaka kuwaua, yeye akasema nipeni. Yule mkubwa akamwita Bi Mkubwa. Mdogo, kwa alivyojazia kuanzia shingo hadi mkia, akawa Kibonge. Fundi akawatengenezea masanduku mawili ya kioo, moja huku, moja kule, kila moja na balbu yake ya joto. Akienda kulala anapita katikati yao kama mtu anayepita mbele ya polisi.

Kisha mke akafa. Kichwa kilimuuma, akapelekwa hospitali, akazikwa. Upesi hivyo, yaani hata nguo alizoloweka zilikutwa bado kwenye beseni.

Fundi hakulia. Watu walimngoja alie, wakachoka, wakaenda zao. Alikuwa kama kapigwa ile sindano ya kung'olea jino, ila ganzi imemwenea mwili mzima: unajigusa, unajua hapa ni shavu, lakini shavu halijibu. Akarudi kazini, akapima madirisha, akakata vioo. Mteja akimwambia pole, anasema asante, kama kapishwa njiani.

Ndipo balbu ya Kibonge ikaungua. Dukani ni mtaa wa pili tu. Fundi akaitazama balbu, akautazama mlango, akauona mlango uko mbali kweli kweli. Akavaa glavu za kubebea vioo, akamnyanyua Kibonge, akamtia kwa Bi Mkubwa. Mkewe alishamwambia mara nyingi: hawa usiwachanganye, kila mmoja kwake. Alikumbuka. Akafunga kifuniko hivyo hivyo.

Sanduku tupu akalibeba hadi kwenye kibanda chake cha kazi. Akaja mteja ana haraka na dirisha la bafu, na Fundi akalibandua lile sanduku, akakata kioo chake, akaenda kukipachika. Mteja alitaka kioo, kioo kilikuwepo. Mengine hayakumjia kichwani.

Dada yake akaja kumwona. Ni dada mkubwa, sauti yake inafika nyumba ya tatu bila kuitwa, na tangu msibani anamtaka ahamie kwake. Akachungulia sanduku kwa mbali, mkono kifuani.

"Mama wee! Wamelaliana!"

Kweli. Bi Mkubwa kajikunja chini ya balbu, na chini yake kichwa cha Kibonge kinachungulia.

"Unaona, mdogo wangu? Hata nyoka hawataki kulala peke yao. Wewe unajifanya nani?"

"Sijifanyi."

"Basi njoo kwangu. Utalala na wapwa zako, watatu tu. Wanakoroma, lakini hawaumi."

"Sawa."

"Sawa utakuja, au sawa ninyamaze?"

"Sawa, dada."

Dada akahesabu hiyo ni ndiyo. Akasema Jumamosi analeta gari la mizigo. Fundi hakukataa. Kukataa nako kunataka nguvu.

Chakula cha nyoka kilikuwa kinaletwa na Rasta, jirani anayefuga panya weupe nyuma ya nyumba yake. Marehemu mke wa Fundi, Rasta alikuwa akimwita dada. Tangu wachanganywe, kila akileta panya Bi Mkubwa anakula, Kibonge anageuza uso. Safari hii Rasta akachuchumaa, akaangalia vizuri.

"Shemeji, huyu ndiye Kibonge?"

"Ndiye."

"Ubonge umehamia wapi?"

Mgongo ulikuwa umechongoka kama paa la nyumba, ngozi imelegea pembeni.

"Sijui. Mbona wanapendana," Fundi akasema. "Wanalaliana."

"Nani kakudanganya? Nyoka hana kukumbatia, shemeji. Hapo wanagombea balbu. Mkubwa kashika penye joto, mdogo kajibanza chini apate japo kidogo. Akikosa joto hali chakula, na huyu anakwisha huku unamwona. Sanduku lake liko wapi?"

"Bafuni kwa watu."

Rasta alitaka kucheka, akamwona usoni, akakimeza kicheko chake.

"Nguo za dada mmegawa," akasema taratibu. "Vyombo vimeenda. Wamebaki hawa tu, shemeji."

Mchana uleule Fundi akashika kalamu ya kukatia kioo, atengeneze sanduku jingine. Mikono ilijua kazi, ikaifanya. Akapaka silikoni, ile gundi ya vioo, akangoja ishike hadi ikauke kabisa, akaenda dukani kununua balbu. Njiani alingoja machozi. Hayakuja.

Kumhamisha Kibonge, glavu hazikuonekana, basi akamshika kwa mikono mitupu, mara ya kwanza tangu nyoka huyo aingie nyumba ile. Alikuwa baridi kama kioo cha asubuhi, na mwepesi.

"Mwache apate joto kwanza," Rasta alimwambia. "Usimsumbue."

Jumamosi dada akaingia, gari linanguruma nje. Akamkuta ndugu yake kakaa sakafuni mbele ya sanduku jipya.

"Hujafunga hata mfuko mmoja!"

"Anakula," Fundi akasema.

Mkia wa panya ulikuwa unamalizikia mdomoni mwa Kibonge.

"Mbona umewatenganisha? Wamegombana?"

"Hawajawahi kupatana, dada. Ilikuwa balbu tu." Hakuondoa macho kiooni. "Jumapili nitakuja kula kwako. Kulala, nalala hapa."

"Peke yako?"

"Kwangu."

Dada akavuta kiti, akakiweka mbali na nyoka, akakaa na mkoba kifuani.

"Na dereva nimwambieje? Kaacha shughuli zake."

"Mwambie pole."

Honi ikalia nje. Hakuna aliyeinuka.

"Kimefika wapi hicho kipanya?" dada akauliza.

Fundi akasogeza uso karibu na kioo.

"Bado shingoni."