Taata na Sehemu ya Pili ya Gemu

Baba yangu alipopata kiharusi na mkono wake wa kulia ukapooza, tulimtoa kijijini Rubafu tukamleta kwangu Ijuganyondo ili awe karibu na kliniki. Mama alibaki kuangalia kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kijimpira cha kubinya mara mia kila siku. Taata, ndivyo tunavyomwita baba, alikitazama, akakiweka juu ya kabati. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mpira, alisema, ni wa wakati wa mapumziko.

Mume wangu alikuwa na mashine ya gemu ya zamani, ile ya kaseti, aliyoitunza tangu ujana wake. Asubuhi moja niliiunganisha kwenye runinga, nikamshikisha Taata pedi ya kuchezea, nikamwambia ni kifaa cha tiba. Sikudanganya sana.

Gemu lenyewe halikuwa na mengi. Kijimtu chenye koti la njano kinakimbia kuelekea kulia, kinaruka mashimo, kinakwepa nyoka. Kidole gumba cha kulia ndicho kinachokirusha. Taata alitumbukia shimo la kwanza mara kumi na nne, na kila mara alisema "waitu" kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. Siku ya tatu alilivuka. Siku ya tano alitaka kurudi nyuma kuchukua tunda aliloliacha. Skrini ikakataa. Gemu lile lilikwenda mbele tu. Tena ukifa mara tatu unarudishwa mwanzo kabisa, hata kama ulishafika mbali.

"Nani ametunga kitu hiki?" aliuliza.

"Watu wa mbali, Taata."

"Hawajasomea ualimu. Kinaadhibu, hakifundishi."

Hata hivyo aliendelea majuma matatu, na kidole kikaanza kuamka. Kisha nyoka mmoja wa hatua ya nne akamshinda. Taata akaweka pedi juu ya kabati, kando ya kijimpira.

Mimi ni fundi cherehani. Juma lile nilikuwa na majoho ya kwaya ya kupeleka Kagoma, kule Muleba, na mume wangu aliniambia kuna fundi simu pale ambaye zamani alikuwa na kibanda cha gemu. Nilimkuta. Alipekua boksi, akatoa kaseti moja yenye vumbi. Ilikuwa sehemu ya pili ya gemu lile lile.

"Hii ni nzuri kuliko ya kwanza," alisema. "Ila wateja wangu waliichukia. Walisema si ngumu."

Nilimpelekea Taata, nikaichomeka kwenye mashine. Mle ndani kijimtu cha koti la njano kilikuwepo, lakini sasa ungeweza kuchagua mwingine: mnene anayeruka chini chini, au mwanamke mwenye kilemba, mzito wa kukimbia, ila anayeweza kung'oa magogo na kuwatupia nyoka. Taata alimchagua mwanamke. Alisema anatembea kama mama yangu.

Alicheza mpaka wakati wa chakula. Aligundua kwamba unaweza kurudi nyuma. Aligundua kwamba ukifa unaanzia katikati ya hatua, si mwanzoni. Ndizi zilikuwa zinapoa, akaniita kutoka jikoni.

"Njoo uone. Daraja hili linaporomoka ukilikanyaga. Lakini la kwanza wameliweka juu ya majani, ukianguka huumii. La pili ndilo lina maji chini. Mtungaji ametoa mfano kwanza, ndipo akatoa zoezi. Huyu amejisahihisha."

Sijui kilichonituma. Nilisema, "Taata, wewe ulifundisha kama sehemu ya kwanza."

Alinifundisha darasa la nne. Nilishindwa hesabu za kugawanya, akanichapa mbele ya wenzangu, kesho yake akafungua ukurasa uliofuata. Hatukuwahi kulizungumza.

Mwanamke wa kilemba alisimama darajani, daraja likaporomoka.

"Nilikuwa na watoto tisini na ubao mmoja," alisema. Hakula ndizi zake.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mezani na daftari langu la vipimo vya wateja.

"Ni kugawanya kwa tarakimu ngapi?"

"Taata, nina miaka arobaini na sita."

"Sikukuuliza umri."

"Mbili," nilisema.

Akashika penseli kwa mkono wa kulia. Tarakimu zilikuwa kubwa na zimelala upande, kama za mtoto wa chekechea, lakini zilisomeka. Aligawanya hesabu moja taratibu, akieleza kila hatua, kisha akanisogezea daftari. Nilikosea mbili. Alinirudisha pale pale nilipokosea, si mwanzoni. Ya tatu nilipata. Niliinama kama naangalia uzi ulioanguka, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na yeye alikuwa bado anaweka alama ya vema.

Kahawa ilipoiva shambani, mama alikuja kumchukua. Mkono ulikuwa unashika kikombe na kalamu. Vifungo vya shati vilikuwa bado vinaushinda. Alimkuta hatua ya mwisho, akaombwa asubiri kidogo. Mama akakaa na kikapu chake mapajani, akamtazama mwanamke wa kilemba anavyotupa magogo.

"Huyu naye hapumziki?" aliuliza.

"Hapumziki," Taata akajibu.

"Basi mwambie anayemsukuma kwamba basi la Rubafu linaondoka saa nane."